Kanamugire Katikati ya Uwanja

Daphrose alikuwa akipeleka maziwa Kitshanga kila siku ya soko, katika bidoni ya manjano iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia. Mteja wake wa kwanza alikuwa Kaswera, mwanamke mfanyabiashara kutoka Butembo aliyekuwa na duka karibu na kituo cha pikipiki. Mbele kulikuwa na chumvi, sabuni, betri na kandambili. Nyuma kulikuwa na chumba chenye mabenchi, televisheni moja, picha ya Bikira Maria na mashine ya michezo ya video. Siku hiyo mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umeachwa wazi kwa sababu jenereta ilikuwa inatoa moshi mwingi. Daphrose aliweka bidoni chini, akatazama ndani, akamwona mumewe.

Kanamugire alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa mpira, ndani ya televisheni, amevaa koti lake la mvua na buti za mpira. Fimbo ya kuchungia ilikuwa imelala mabegani, na mikono yake ilining'inia juu yake, upande huu na upande ule, kama alivyozoea kusimama ng'ombe wakinywa maji. Wachezaji wenye jezi walikuwa wanampita kushoto na kulia. Mpira ulimgonga gotini ukarudi ulikotoka. Kijana aliyeshika maneti, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, alilalamika kwamba yule mzee amemharibia bao. Mwenzake alimjibu kwamba kosa ni lake mwenyewe: kila mtu Kitshanga anajua mzee yuko pale, kwa nini hakupitisha mpira pembeni?

Kanamugire alikuwa amekufa tangu msimu uliopita wa kupanda maharage.

Kaswera alimaliza kwanza kupima maziwa, kwa sababu yeye ni mtu wa Butembo na kazi huja kwanza. Halafu akasimama kando ya Daphrose, wakatazama wote wawili.

"Mama Kaswera," Daphrose alisema, "ule muntu njo bwana yangu."

"Pole. Sikujua. Nilizani muchezo iko vile."

"Iko mule tangu siku gani?"

"Tangu mashini ilifika."

Daphrose aliomba kikombe kimoja cha maziwa aliyoleta, akakiweka sakafuni mbele ya televisheni. Kanamugire alihamisha fimbo kutoka mabegani akaishika mkononi. Hakusema neno, au kama alisema, kelele za watazamaji wa uwanjani zilimfunika. Daphrose alikaa kwenye benchi mpaka mechi ikaisha. Alitaka kulia lakini kilio hakikuja. Alihisi tu kwamba miguu imechoka na njia ya kurudi Nyamitaba ni ndefu.

Huo ulikuwa mwaka wa 2001. Vita vya pili vya Kongo vilikuwa vimekomaa kiasi kwamba watoto waliozaliwa navyo walikuwa wanatumwa chumvi kwa jirani. Mwaka uliotangulia, mchanga mweusi uitwao koltani ulikuwa umepanda bei, ghafla, kwa sababu huko ng'ambo kila mtu alitaka simu, kompyuta na mashine mpya za michezo kwa wakati mmoja. Wanaume wa Masisi waliacha mashamba wakaenda Walikale kuchimba. Kanamugire hakuwa mchimbaji. Alikuwa mfugaji, mwana wa mfugaji, mtu ambaye hata jembe alilishika kwa aibu. Lakini wenye bunduki walikuwa wamepita Nyamitaba na kuondoka na ng'ombe wake, wakabakiza majike manne na fahali mmoja, si kwa huruma bali kwa sababu hao watano walikuwa nyuma ya kilima. Akasema ataenda kuchimba kidogo tu, apate mitamba miwili, arudi.

Alichimba katika kilima kimoja ng'ambo ya Mpofi. Kilima kile kilikuwa mikononi mwa Komanda Viateur, ambaye naye alikuwa amekipata kwa komanda mwingine aliyekipata kwa mwingine, na wote walikipata kwa njia ile ile. Mvua ilinyesha wiki nzima. Mchana mmoja kilima kilishuka chote, taratibu, kama mtu anayekaa chini kupumzika, na waliokuwa ndani ya mashimo wakabaki ndani. Walionusurika waliomba majembe wawatoe wenzao. Komanda Viateur akasema majembe ni ya kazi. Kesho yake walianza kuchimba upande wa pili.

Kule Nyamitaba, Sebarenzi, kaka mkubwa wa marehemu, alifanya yaliyompasa. Alimtenga fahali na majike. Wafugaji wa milima ile ni Wakristo wazuri, wanabatiza na wanafunga ndoa kanisani, lakini katika nyumba yenye msiba fahali hapandi mpaka matanga yaishe, na matanga hayaishi mpaka aliyekufa awekwe ardhini na watu wake. Katekista alikuwa akisema hadharani kwamba hayo ni mambo ya kipagani. Baba yake katekista alipofariki, fahali wa katekista alilala peke yake mwezi mzima.

Basi fahali alifungwa upande mmoja wa bonde, majike wakafungwa upande wa pili, wakawa wanaitana kutwa. Msimu ukapita. Maziwa yakaanza kupungua, kwa sababu ng'ombe asiyezaa hukauka, hilo hata mtoto wa mjini analijua. Daphrose alikuwa na binti mmoja, Mahoro, na maziwa yale ndiyo yaliyokuwa chumvi yao, sabuni yao na karo ya Mahoro. Bidoni iliyokuwa ikifika Kitshanga imejaa sasa ilikuwa inafika nusu, na ikichezacheza njiani kama tumbo la mtu mwenye njaa.

Kulikuwa na dawa ya jambo hilo, ya tangu zamani. Mtu akipotea bila kuonekana, ukoo hukata mgomba kwa urefu wake, huufunga sanda, hulia juu yake, huuzika, na matanga huisha. Sebarenzi alikuwa tayari ameuchagua mgomba. Ulikuwa mzuri, umenyooka, mrefu kama Kanamugire. Ulikuwa ukatwe Jumamosi.

Daphrose alifika nyumbani Jumatano akasema amemwona kwa Kaswera.

Sebarenzi hakumwuliza kama ana uhakika. Alivaa kofia, akashuka Kitshanga, akaingia chumba cha nyuma, akavua kofia. Alimsalimu mdogo wake. Kanamugire alihamisha fimbo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, maana hivyo ndivyo walivyosalimiana tangu utotoni, kila mmoja akiwa kwenye kilima chake. Sebarenzi alivaa kofia akarudi.

"Mugomba ni kwa ule hatujue iko wapi," alisema. "Huyu tunajua iko wapi. Iko mu mashini ya Mama Kaswera. Tukizika mugomba, tunadanganya, na fahali itajua."

Daphrose alijaribu kusema kwamba fahali huenda asijue. Lakini alimjua shemeji yake, na zaidi ya hapo, aliona kwamba Sebarenzi anasema kweli. Mgomba ulibaki shambani ukazaa mkungu.

Kabla ya kumwendea Kaswera, Daphrose alipita kwa Honoré, fundi wa redio aliyekaa chini ya mwavuli mbele ya soko. Alitaka kujua kama mtu anaweza kutolewa ndani ya mashine bila kuiharibu. Honoré alikuwa ameifungua mashine ile mara kadhaa. Alimweleza kwamba ndani hamna mtu. Mna vumbi, mna mende wawili, na mna vipande vidogo vidogo, vingine vidogo kuliko kunguni, na ndani ya baadhi ya vipande hivyo mna unga wa ule mchanga mweusi. Mchanga unatoka Mpofi mgongoni mwa watu, unapanda ndege ndogo, unavuka bahari, unayeyushwa, unarudi. Kanamugire alikuwa mrefu, kwa hiyo Honoré alidhani amegawanyika katika vipande vingi, lakini pale penye umeme anajikusanya.

Na jina la kampuni? Jina lilikuwa limekwaruzwa kwa kisu kabla ya mashine kufika Kitshanga. Honoré, aliyejua koo zote za mashine za michezo, alikataa kumsingizia yeyote. Alisema unga wa vilima vyote unachanganywa katika tanuri moja, na ukishayeyuka hakuna awezaye kusema huu wa Walikale, huu wa Australia. Lakini kwa kuwa amegusiwa ukoo, hakuweza kunyamaza. Honoré aliyasimulia makampuni hayo kama wengine wanavyosimulia machifu.

Nintendo, alisema, ndiye mkubwa wao kwa miaka: alianza kwa kutengeneza karata za kuchezea, kabla Mbelgiji hajakanyaga Masisi. Sony alianza kwa kujaribu chungu cha umeme cha kupikia wali. Wali ukawa unatoka mbichi au umeungua, akaona afadhali redio. Hawa wawili walichumbiana watengeneze mashine pamoja. Sony akatangaza uchumba mbele za watu, na kesho yake, mbele ya watu hao hao, Nintendo akasema anakwenda kwa Philips, Mholanzi. Sony akarudi kwao na mahari yake, akakaa na hasira, akajenga mashine yake peke yake, ikauzwa dunia nzima. Sega alikuwa na mbio kuliko wote, lakini mbio si kufika. Mwaka huo huo wa 2001 alitangaza kwamba hatengenezi tena mashine, atabaki kutunga michezo ya kuchezwa katika mashine za wenzake, kama mfugaji aliyemaliza ng'ombe wake akabaki kuchunga wa jirani.

Daphrose alisikiliza kwa adabu. Habari ya Sega ilimgusa kidogo.

"Na kabla yao wote alikuwa Atari, wa Amerika," Honoré aliendelea. Atari alikuwa tajiri hata akalewa utajiri. Akatengeneza michezo mingi kuliko wachezaji. Haikununuliwa. Basi akaipakia kwenye malori, akaipeleka jangwani, akachimba shimo, akaizika, akamwaga zege juu.

"Walizika mashini?" Daphrose aliuliza.

"Michezo yake. Na mashini pia, bantu banasema."

"Na hakuna muntu alikataza?"

"Njo yao. Muntu anazika kitu yake."

Daphrose alimshukuru. Alikuwa amepata alichokifuata: huko ilikozaliwa, mashine inazikika.

Kaswera alikataa kuitoa mashine ikazikwe. Alikataa kwa upole, akiwa anapanga sabuni. Lori la mumewe, Maurice, lilikuwa limechomwa njiani mwaka uliopita, likiwa na mzigo wote wa maharage, na tangu siku hiyo chumba cha nyuma ndicho kilicholisha nyumba, si duka. Zaidi ya hapo kulikuwa na Komanda Viateur. Bei ya mchanga ilikuwa imeanza kushuka, komanda akapata nafasi, na sasa alikuwa anashinda Kitshanga zaidi ya Mpofi. Kila alasiri alikuja kucheza. Benchi la mbele lilikuwa lake. Mashine ikikosekana, ataulizwa nani?

Komanda alimjua Kanamugire. Mara ya kwanza alipomwona katikati ya uwanja, alimtambua kabla ya mtu mwingine yeyote, akawaambia askari wake kwamba yule alikuwa mchapakazi. Akaendelea kucheza. Alikuwa mchezaji mzuri na alijifunza upesi kumtumia Kanamugire: alimpigia mpira gotini makusudi, ukarudi kwa mshambuliaji wake, bao. Vijana walijaribu kumwiga wasiweze. Waswahili husema kufa kufaana.

Daphrose hakubishana na Kaswera. Aliendelea kuleta maziwa, kila mara kidogo zaidi, na kila mara aliweka kikombe mbele ya televisheni akakaa mpaka saa ya kuondoka. Siku moja alileta maziwa ya kile kikombe tu. Majike matatu yalikuwa yamekauka.

Kaswera alikitazama kile kikombe. Watu wa kwao, mtu akifia mbali, humrudisha. Mama yake Kaswera alifia Walikale, akarudishwa Butembo juu ya magunia ya kahawa, siku nyingi za tope, na hakuna aliyesema ni gharama, hakuna aliyesema ni mbali. Kaswera alikuwa amesafiri juu ya magunia hayo hayo, ameshika kichwa cha mama yake kisigongwe. Aliyakumbuka hayo na akaona aibu, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haraka, aibu haikumkalia muda mrefu. Akaingia chumba cha nyuma, akachomoa nyaya.

"Kamata," alisema. "Kuzika wafu njo kazi ya Mungu, Padri anasema kila siku. Lakini maneti inabaki. Maneti nilinunua kwa franga ingine."

Sebarenzi alipoiona mashine bila maneti alisema ndivyo inavyotakiwa. Mtu hazikwi na kamba aliyokuwa akivutwa nayo.

Walibishana kidogo juu ya kaburi. Mashine ilikuwa ndogo, ingetoshea katika shimo la kupanda mti wa matunda. Sebarenzi akasema Kanamugire alikuwa mrefu na hatakunjwa mara ya pili. Wakachimba kaburi la mtu mzima, refu. Waliifunga mashine sanda nyeupe, wakailaza upande wa kichwa, na nafasi iliyobaki wakaiacha kwa ajili ya miguu. Katekista aliomba. Honoré alikuja kutoka Kitshanga na alitaka kusema machache juu ya Atari, akaombwa asiseme. Walipomaliza kufukia, Mahoro alitumwa ng'ambo ya bonde kumfungua fahali.

Fahali alivuka kijito bila kuharakishwa. Watu walimtazama, kwa sababu huo ndio uliokuwa mwisho wa matanga na kila mtu alikuwa ameusubiri. Daphrose aliletewa sahani ya viazi na maharage. Alikula yote akaomba nyingine, akatambua kwamba alikuwa hajahisi njaa tangu kilima kilipoanguka.

Komanda Viateur alifika chumba cha nyuma alasiri, akakaa kwenye benchi lake, akashika maneti. Waya wake ulikuwa umelala chini, haukuelekea popote. Akamwuliza Kaswera mashine iko wapi. Kaswera hakuwa na desturi ya kusema uongo akiwa na mteja. Alimwambia imezikwa Nyamitaba, na akamwambia sababu. Komanda alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni jambo la kueleweka kabisa.

Kesho yake alipanda Nyamitaba na askari wanane, mchana, jua likiwa kali. Kila askari alikuwa na jembe. Yalikuwa majembe mapya, mipini bado ina rangi ya mti mbichi. Komanda alimsalimu Sebarenzi, akampa pole ya msiba, akaulizia afya ya ng'ombe. Halafu akaonyesha kaburi kwa kidole na askari wakaanza.

Daphrose alitoka jikoni. Alisimama karibu nao, si karibu sana, akiwa bado na mwiko mkononi.

"Komanda," alisema, "kule Mpofi ulisema majembe njo ya kazi."

Komanda Viateur alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo.

"Kule udongo iko muzito, Mama," alisema. "Huku iko laini."

Ilikuwa kweli. Udongo ulikuwa laini kwa sababu ulikuwa umechimbwa jana. Walifika chini kabla maji ya Daphrose hayajachemka. Askari mmoja alishuka shimoni, akaiinua mashine kwa mikono miwili, kwa uangalifu kama wanavyoinua mtoto aliyelala, akampa mwenzake. Walifungua sanda, wakapuliza vumbi kwenye matundu, wakaangalia kama maji yameingia. Hayakuwa yameingia. Komanda aliikunja sanda vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia Daphrose kwa sababu kitambaa kilikuwa kizima. Kisha wakaondoka kwa mstari, wenye majembe mbele na mwenye mashine nyuma.

Katika milima yote ya Masisi na misitu yote ya Walikale, katika vita vile vyote, hilo ndilo lilikuwa kaburi pekee ambalo Komanda Viateur aliwahi kutuma watu kumtoa mtu ndani yake.

Jioni hiyo hiyo mashine iliwashwa. Kanamugire alikuwa pale pale katikati ya uwanja, isipokuwa sasa alikuwa na udongo kwenye nywele na mabegani, na fimbo hakuwa nayo. Alikuwa ameiacha kule. Mahoro aliiona kesho yake, imelala chini ya shimo, akachubuka mkono akijaribu kuifikia, akamletea mama yake. Waliisimamisha nyuma ya mlango.

Ikabaki hoja ya matanga. Je, yamerudi? Fahali atengwe tena? Sebarenzi aliwaza siku nzima, akiwa na hasira ambayo hakuwa na mtu wa kumpa. Mwishoni alisema mtu aliyezikwa na watu wake amezikwa. Akifukuliwa, ni maiti ya aliyemfukua, na matanga ni yake huyo, na fahali wa kutengwa ni wake huyo. Komanda Viateur alikuwa na fahali wengi, wengine wa Nyamitaba. Hakutenga hata mmoja. Kwa vyovyote vile walikuwa wamechelewa, kwa sababu jike moja tayari lilikuwa limepandwa na limeacha kuita.

Lakini kuna jambo lililobadilika katika mashine. Kanamugire alikuwa ametoka nje siku moja na kurudi, na ilionekana kwamba njia sasa ilikuwa inajulikana. Wengine wa kile kilima walianza kufika. Kwanza wawili walisimama karibu na goli. Kisha kundi zima lilikaa kwenye mstari wa katikati, magunia yao begani, wakisubiri kama watu wanaosubiri kupimiwa. Kila mvua iliponyesha Mpofi, wakaongezeka. Mpira haukuwa na pa kupita. Komanda Viateur alipiga kushoto, ukagonga goti. Akapiga kulia, ukagonga goti. Mechi zikaisha sifuri kwa sifuri, siku baada ya siku. Vijana wakaanza kubaki nje.

Komanda alimwita Honoré, akamwuliza kama kuna mashine iliyo tupu. Honoré alisema imetoka mpya huko ng'ambo, yenye nguvu kuliko hizi zote, uwanja wake mpana, nyasi zake zinaonekana moja moja. Maurice, mume wa Kaswera, alikuwa amepata lori lingine na angeweza kuitafuta. Lakini mashine mpya inataka vipande vingi zaidi, na vipande vinataka mchanga, na bei ya mchanga imeshuka, kwa hiyo ili kuilipia utatakiwa mchanga mwingi.

Komanda Viateur alituma ujumbe Mpofi wachimbe kwa kasi zaidi.

Mashine mpya ilifika wakati ndama alipozaliwa. Alikuwa jike, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye goti la mbele. Hakuna aliyesema lolote kuhusu doa hilo. Daphrose alishuka Kitshanga na bidoni iliyojaa hadi mdomoni. Kaswera alipima, akamweleza habari bila kumtazama: ile mashine ya zamani komanda ameipeleka Mpofi, kule kilimani, iwaburudishe askari wanaolinda mashimo. Kwa hiyo Kanamugire alikuwa amerudi kazini.

"Angalau iko juu ya udongo," Kaswera alisema.

"Iko juu," Daphrose alikubali.

Alichukua kikombe chake akaingia chumba cha nyuma, kwa mazoea. Komanda Viateur alikuwa kwenye benchi la mbele, mashine mpya ikiwaka, uwanja mpana mtupu, nyasi zinaonekana moja moja. Alikuwa amefunga mabao mengi tangu asubuhi na alikuwa na furaha. Daphrose alitafuta pa kuweka kikombe. Komanda, akidhani ameletewa, alikipokea, akanywa, akashukuru. Wakati anajifuta mdomo, kwenye kona ya uwanja, karibu na kibendera, mwanaume mmoja alitoka, akiwa bado anajipangusa udongo machoni. Alikuwa na shati la shule lililokatwa mikono. Alitazama huku na huku, akasogea mpaka katikati, akasimama.

Kaswera, kutoka mlangoni, alimwuliza Daphrose kama anamjua. Daphrose alimtazama vizuri. Hakumjua.

Kule Nyamitaba kaburi lilikuwa bado wazi. Hakuna aliyekuwa amelifukia, kwa sababu hakuna aliyejua la kuweka ndani, na kulifukia tupu kungekuwa kudanganya. Mbuzi alikuwa ameshatumbukia mara moja. Daphrose alifika jua likiwa bado lipo, akamkuta Sebarenzi amekaa ukingoni akichonga kigingi cha ndama. Alimsimulia yote, kwa mpangilio, mpaka kwa yule mgeni wa kwenye kona.

Sebarenzi aliendelea kuchonga.

"Iko murefu?" aliuliza.

"Apana. Iko kijana."

Sebarenzi aliinama, akalitazama shimo kutoka upande wa kichwa hadi upande wa miguu.

"Basi itamutosha," alisema, akaenda kutafuta majani ya migomba ya kulifunika, mvua isilijaze.